Mkono Wenye Meno ya Kitana

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Katika kazi ya kuhariri video, swali linalopuuzwa kuliko yote ni fupi mno: je, picha hii ilinaswa vipi? Jibu lake hukaa katika herufi moja ndogo inayofuata tarakimu, i au p, ambayo mpigapicha huiona kila siku kwenye menyu ya kamera yake bila kuitilia maanani. Kisa cha fundi mmoja wa video mjini Kericho, na cha familia moja ya wakulima wa chai kutoka upande wa Mogogosiek katika Kaunti ya Bomet, kinadhihirisha kwamba herufi hiyo yaweza kumrudisha marehemu mbele ya wanawe, au kuwanyang'anya kwa mara ya pili.

Mnamo mwaka wa 2009 fundi huyo alikuwa kijana aliyejinunulia kamera iliyokwisha kutumika, ya aina ya HDV, iliyorekodi kwenye kanda ndogo za saa moja. Aliajiriwa kupiga video ya harusi. Kama ilivyo desturi ya kazi hiyo katika nchi ya chai, alifika alfajiri ili aanze na mandhari ya boma: ukungu juu ya mabonde, ng'ombe wakikamuliwa, na michai ya kijani iliyopangwa hadi ukingo wa mto. Mama wa bwana harusi hakuwa amevaa nguo za sherehe bado. Alikuwa shambani, kikapu mgongoni, akichuma yale machache aliyoweza kuchuma kabla wageni hawajawasili.

"Unapiga picha za kazi, mwanangu?" alimwuliza huku akicheka. "Subiri nivae vizuri."

Kijana hakusubiri. Alimpiga picha kwa muda wa dakika tatu hivi. Mikono ya mama yule ilikwenda kasi ajabu. Ilishika majani mawili na chipukizi, ikayakata kwa kidole gumba, ikashika tena na tena hadi viganja vikajaa, kisha ikarusha konzi nyuma ya bega, ndani ya kikapu, bila yeye kugeuza shingo. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Kazi yote ilifanywa na mikono.

Miaka 15 ilipita. Mwaka wa 2024 mama huyo alifariki, na binti yake wa pili akapiga simu mjini Kericho. Nakala ya harusi waliyopewa zamani ilikuwa imekwaruzika na haikuonyesha kitu tena. Hapakuwapo picha nyingine yoyote ya mama yao akitembea, akicheka au akifanya kazi. Walitaka zile dakika tatu zionyeshwe siku ya mazishi kwenye skrini kubwa ya kukodi, na zitumwe pia kwa ndugu yao aliyeko Marekani ambaye hangeweza kusafiri.

Fundi alikuwa ameihifadhi kanda katika sanduku la bati. Aliitoa, akaitia katika kamera yake ya zamani, akaihamishia kwenye tarakilishi. Kisha akafanya alivyozoea kufanya kila juma. Aliiweka picha katika mradi wa 1080p wa picha 25 kwa sekunde, akaipunguza ukubwa hadi mistari 720 ili iweze kutumwa kwa simu, akahifadhi, akatuma. Kwa kuwa diski yake ilikuwa imejaa, alilifuta faili la kwanza lililotoka kwenye kanda.

Jibu la binti lilikuja upesi. "Kaka, mbona mikono ya mama imeota meno?"

Fundi alitazama tena. Ilikuwa kweli. Kila mkono ulipokwenda, kingo zake zilichanika katika mistari myembamba ya mlalo, mithili ya meno ya kitana. Vidole havikuwa vidole, vilikuwa ufagio. Alijibu lile lililomjia kwanza. "Ni kanda, dada. Imezeeka."

Binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo fundi hakulitarajia. "Kama imezeeka, mbona uso ni safi? Mbona michai ni safi? Ni mikono tu, na kile kikapu anapogeuka."

Hakuwa na elimu ya video, lakini alikuwa ametazama vizuri kuliko fundi. Uzee wa kanda hauchagui. Hauwezi kula kinachosogea na kusaza kilichotulia. Kosa lilikuwa kwingine, na fundi alianza kuhisi kwamba lilikuwa lake.

Ili kulielewa kosa hilo, msomaji na alifikirie shamba la chai lenye mistari 1,080 ya michai. Shamba hilo limepewa wachumaji wawili. Wa kwanza huingia na kuchuma mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5, hadi mwisho. Akishatoka, huingia wa pili na kuchuma mistari ya shufwa, wa 2, wa 4, wa 6. Kila mmoja huleta nusu ya mavuno, na nusu hizo mbili zikiunganishwa shamba zima limechumwa. Hivyo ndivyo ifanyavyo kazi kamera iliyowekwa kwenye 1080i. Haichukui picha nzima kwa mkupuo mmoja. Huchukua nusu-picha ya mistari 540, kisha baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde huchukua nusu ya pili ya mistari 540 iliyorukwa. Mistari hupokezana zamu.

Kamera iliyowekwa kwenye herufi p hufuata njia nyingine. Mistari yote 1,080 huchumwa kwa pamoja, katika tukio moja, na matukio hayo huwa 25 kwa sekunde. Ukipiga hesabu utaona kwamba kazi ni ileile: nusu-picha 50 za mistari 540 ni mistari 27,000 kwa sekunde, na picha kamili 25 za mistari 1,080 ni mistari 27,000 vilevile. Tofauti ni namna ya kuitumia akiba hiyo. Mfumo wa i huigawa ili kuona mwendo mara nyingi zaidi. Mfumo wa p huikusanya ili kila picha isimame peke yake bila kutegemea mwenzake.

Shamba likitulia, hakuna awezaye kutofautisha. Lakini itakuwaje ikiwa kitu kimesogea kati ya zamu ya mchumaji wa kwanza na ya wa pili? Mkono unaokatiza skrini nzima kwa sekunde moja hupita nukta 1,920. Katika sehemu moja ya 50 ya sekunde huwa umesogea nukta 38. Mistari ya witiri itauonyesha mkono hapa, ilhali mistari ya shufwa itauonyesha nukta 38 mbele. Anayezibandika nusu hizo pamoja na kuziita picha moja ameshona nyakati mbili katika kitambaa kimoja, na mshono wake ndio meno aliyoyaona binti. Uso wa mama ulikuwa safi kwa sababu ulikuwa umetulia. Mikono ilichanika kwa sababu ilikuwa hodari.

Huenda mtu akauliza ni nani aliyebuni utaratibu wenye taabu kama huo. Ulibuniwa na watu wenye busara waliokuwa na dhiki. Runinga za zamani zilichora picha kwa mwali uliopita mstari baada ya mstari kwenye kioo, na nuru yake ilififia haraka. Picha 25 tu kwa sekunde zingemetameta na kuumiza macho, na kutuma 50 kamili kungehitaji nafasi maradufu ya mawimbi. Nusu-picha 50 zilikuwa suluhisho. Shirika la BBC lilipoanza matangazo yake ya runinga katika jumba la Alexandra Palace mjini London mwaka wa 1936, mifumo miwili ilishindanishwa kwa zamu. Ule wa John Logie Baird ulikuwa na mistari 240 iliyochorwa yote kwa pamoja, mara 25 kwa sekunde. Ule wa Marconi-EMI ulikuwa na mistari 405 iliyopokezana, nusu 50 kwa sekunde. Mapema mwaka wa 1937 mfumo wa Baird uliachwa, na mistari ya kupokezana ikatawala.

Runinga iliyoanza nchini Kenya mwaka wa 1962 ilirithi utaratibu huohuo wa kupokezana. Vioo vile vya zamani vilichora nusu ya kwanza, kisha ya pili, kwa mpangilio uleule wa kamera, na jicho halikuziona pamoja kamwe. Lakini skrini bapa za siku hizi, iwe ya rununu, ya tarakilishi au ile ya kukodi matangani, huwasha mistari yote kwa pamoja. Haziwezi kupokezana. Ni sharti mtu, au mashine, atangulie kuzitenganisha nyakati mbili zilizofungwa pamoja. Runinga nzuri hujifanyia kazi hiyo yenyewe ikiambiwa kwamba picha ni ya aina ya i. Faili lililotiwa alama ya p kimakosa halina wa kulitetea.

Hata wataalamu hawakukubaliana upesi. Teknolojia ya picha za ubora wa juu ilipokuwa ikienea Ulaya katika miaka ya 2000, umoja wa watangazaji wa bara hilo ulipendekeza mfumo wa p. Mashirika ya Ujerumani ya ARD na ZDF yalianza kutumia 720p ya picha 50 mwaka wa 2010, ilhali BBC ilishika 1080i. Waliochagua i walitaka mistari mingi. Waliochagua 720p walitaka picha kamili 50 hata kama ni ndogo. Basi si ajabu kwamba kijana wa Kericho, aliyeinunua kamera yake bila kitabu cha maelezo, hakujua amebeba upande gani wa mjadala huo.

Usiku ule alijua. Hata hivyo, faili alilobaki nalo halikuweza kuokolewa. Alikuwa ameipunguza picha kutoka mistari 1,080 hadi 720 kabla ya kuzitenganisha nusu zake, na katika kupunguza huko mistari ya witiri na ya shufwa ilikuwa imekorogwa. Mkulima yeyote wa chai angeuelewa msiba huo. Katika kiwanda majani hunyaushwa kwanza, yakakatwa, yakachachushwa, ndipo yakakaushwa. Anayekausha kabla ya kunyausha hawezi kurudi nyuma. Vivyo hivyo katika video: nusu-picha hutenganishwa kwanza, ukubwa hubadilishwa baadaye. Maji yakimwagika hayazoleki.

Njia ilikuwa moja tu, nayo ni kuirudia kanda. Fundi aliiogopa. Kamera ilikuwa kuukuu, na kila mara kanda inapopita kwenye kichwa cha kusomea huweza kukwaruzwa au kutafunwa. Aliirudisha nyuma polepole, akabonyeza, akaketi akiitazama kama mtu anayengoja mizani itulie kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Dakika ya kwanza ilipita salama. Katika dakika ya pili picha iliganda kwa muda mfupi, ikaendelea. Video ya HDV hubanwa kwa mafungu ya picha zinazotegemeana, kwa hivyo doa dogo sana kwenye kanda laweza kupoteza takriban nusu sekunde nzima. Mara ya kwanza doa hilo halikuwapo. Mama alikuwa akirusha majani nyuma ya bega, na konzi ile haikufika kikapuni.

Safari hii alinakili faili hilo katika diski mbili kabla ya kuligusa. Kisha akajaribu kuzitenganisha nusu. Jaribio la kwanza lilimpa kioja kipya. Meno yalitoweka, lakini mikono ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena, kama mtu anayetetemeka kwa homa. Alikuwa amesahau swali la pili: ni mchumaji yupi aliyeingia kwanza? Kamera za DV za kizazi kilichotangulia, katika mfumo wa nusu 50, huanza na mistari ya chini. Kamera za HDV huanza na ya juu. Programu yake ilikuwa imebaki na mpangilio wa kamera zile za zamani, hivyo kila tukio la pili lilitangulizwa mbele ya la kwanza. Alibadilisha mpangilio, na mtetemo ukakoma.

Lilibaki swali la mwisho, la njia ya kutenganishia. Iko njia ya mvivu, ya kuitupa nusu moja na kuirefusha iliyobaki. Meno hutoweka, lakini nusu ya uchoraji hupotea, na mwendo hubaki wa picha 25. Iko njia ya kuzichanganya nusu mbili kwa ukungu, ambayo humpa kila mchumaji mikono minne iliyofifia. Na iko njia ya subira. Kila nusu hupewa nafasi yake kama picha kamili, sehemu zilizotulia hukopeshana mistari, na sehemu zinazosogea hujaziwa mistari kwa kukadiria kutoka kwa jirani zake. Matokeo yake ni picha kamili 50 kwa sekunde. Kichujio kiitwacho yadif, kilichomo katika programu huria ya FFmpeg, huweza kufanya hivyo bila malipo. Fundi aliitumia njia hiyo, akaiacha tarakilishi ifanye kazi huku mvua ikinyesha juu ya mabati.

Alfajiri alitazama. Mikono ilikuwa imerudi. Kidole gumba kilionekana kikikata kikonyo, jani likionekana likiinama na kuruka. Jambo moja lilimduwaza. Kamera ileile aliyokuwa akiilaumu ndiyo iliyoujali wepesi wa mama yule. Kama angerekodi kwa picha kamili 25, mikono ingekuwa safi bila meno, lakini nusu ya miendo yake isingenaswa. Kanda ilikuwa imeyashika matukio 50 katika kila sekunde, ikayatunza kwa miaka 15, ikimngoja mtu atakayejua kuyasoma.

Alipompigia binti simu angeweza kusema kwamba ameirekebisha kanda mbovu, akapewa shukrani. Lakini mficha uchi hazai.

"Dada, kanda haikuwa imezeeka," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea kuisoma. Nilizibandika picha mbili kama moja. Sasa nimeirekebisha, ila nilipoirudia, pahali pamoja pameganda kwa nusu sekunde. Pahali hapo hapakuwa hivyo mwanzoni. Nisingelifuta lile faili la kwanza, msingepoteza kitu."

Binti alikaa kimya. "Ni pahali gani?"

"Anaporusha majani kikapuni, mara ya tatu."

"Ana mengine mengi anayorusha?"

"Mengi."

"Basi tuletee, kaka."

Aliwapelekea mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la picha kamili 50 kwa sekunde, la skrini ya mazishini. La pili lilikuwa dogo, lililopunguzwa baada ya kutenganishwa, la kutumwa Marekani kwa simu. La tatu lilikuwa faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye kanda, bila kuguswa, katika diski ndogo, pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono: 1080i, nusu 50 kwa sekunde, mistari ya juu hutangulia. Binti aliuliza karatasi ni ya nini. Fundi alimweleza kwamba huenda wajukuu wakaipeleka siku moja kwa fundi mwingine mwenye vyombo bora zaidi, na fundi huyo atauliza swali ambalo yeye hakuliuliza.

Mazishini watu walitazama wakiwa wamesimama. Hapana aliyetaja mistari wala nusu. Wanawake waliochuma pamoja na marehemu walitazama mikono peke yake. Mmoja wao, mkongwe, alianza kusogeza vidole vyake kimyakimya, akiufuata mwendo ule kama mtu anayekumbuka hesabu.

Kuna sababu ya kulikumbuka tukio hili hata kwa wasiomjua marehemu. Katika mashamba makubwa ya Kericho mashine za kuchumia chai zimechukua nafasi ya mikono mingi, na mwezi wa Mei mwaka wa 2023 hasira za waliopoteza kazi zililipuka, mashine kadhaa zikachomwa moto. Wanasiasa na wenye mashamba wataendelea kujadiliana juu ya haki na gharama. Lakini maarifa yaliyomo katika kidole gumba cha mchumaji hayakuandikwa katika kitabu, na hayatabaki katika masjala ya kampuni. Mengi yamo katika kanda za harusi na za mazishi, ndani ya masanduku ya bati, na sehemu kubwa ya kanda za miaka ile ni za mistari ya kupokezana. Hayo ndiyo maktaba yetu ya mikono.

Kwa hivyo, wale wanaozirithi kanda hizo wana wajibu. Waulize kwanza picha ilinaswa vipi. Wahifadhi asili kabla ya kuibadilisha. Watenganishe kabla ya kupunguza, na wajue ni nusu ipi iliyotangulia. Anayerekodi leo, na asiyelazimishwa na kituo cha runinga kutoa 1080i, achague picha kamili 50 kwa sekunde ikiwa kamera yake inaweza, maana humpa mchumaji hodari mwendo wake wote bila kumwachia mjukuu fumbo la kufumbua. Na likitokea kosa, lisisingiziwe uzee wa kanda.

Sanduku la bati liko pale mjini Kericho hadi leo. Kila kanda iliyomo sasa ina karatasi yake, na juu ya kila karatasi herufi moja ndogo imeandikwa kwa wino mweusi, kubwa kuliko jina la harusi.